Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Darasa la Wanaoanza Peintiboli

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliamua kwamba fedha za mashindano yetu ya ndani ziende kwenye darasa la wanaoanza. Uamuzi ule haukuwapendeza wote, na waliokuwa wamejiandaa kushindana walinieleza bila kificho. Nawashukuru kwa kusema. Hata hivyo nasimama mbele yenu leo kuomba tuendelee na darasa mwaka mwingine, na nitaeleza kwa nini.

Hapa Nairobi mchezo wetu wa peintiboli, wa kulengana kwa bunduki zinazorusha gololi za rangi, haukosi wageni. Makampuni huleta wafanyakazi wao, vijana huja kusherehekea siku za kuzaliwa, na likizo ya Agosti wazazi huja na watoto. Wanacheza, wanapiga picha, wanaondoka, na wengi hatuwaoni tena. Ukimuuliza mmoja wao, atakwambia iliuma na hakuelewa kilichokuwa kikiendelea. Nami nawaelewa. Mtu ambaye hajawahi kuvaa barakoa ya mchezo huu, ile ya kukinga uso na macho, anaingizwa uwanjani pamoja na mchezaji mzoefu mwenye bunduki ya kielektroniki. Kabla hajajua asimame wapi, ameshapigwa mgongoni, shingoni na vidoleni, na hajaona hata alikopigiwa. Akifika nyumbani anawaambia jamaa zake kwamba peintiboli ni mchezo wa kuumizana. Saa ile ya kwanza ndiyo inayotupotezea watu, na hakuna kombe litakaloziba pengo hilo.

Kwa hiyo tulianza na vifaa. Gololi ya rangi tunayoitumia siku zote ina kipenyo cha inchi 0.68, yaani milimita 17 hivi, na uzito wa gramu 3 hivi. Darasani tunatumia ile ndogo ya inchi 0.50, ambayo haifikii nusu ya uzito huo. Viwanja vingi duniani huweka kikomo cha kasi kati ya futi 280 na 300 kwa sekunde. Kwa wanaoanza tumekaa chini ya hapo, na kila bunduki hupitishwa kwenye kipima kasi mbele ya wanafunzi wenyewe. Nilisisitiza hilo la mwisho. Mtu akiona kwa macho yake kwamba tunapima, woga unampungua.

Somo la kwanza ni barakoa, na hatulifupishi. Asubuhi za Julai, kunapokuwa na baridi, vioo hujaa ukungu haraka, na mkono wa mgeni unapanda wenyewe kutaka kuinua barakoa afute. Kitendo hicho kidogo ndicho kinachoweza kumtoa mtu jicho. Nilimwona mama mmoja, aliyekuja kumsindikiza mwanawe akashawishika kujiunga, akifanyishwa zoezi hilo na mwalimu wake: kioo kimeziba, haoni, basi anakaa chini nyuma ya pipa, anainua mkono, anaita refa kwa sauti, na anangoja atolewe nje ya wavu ndipo aguse barakoa. Alirudia mpaka ikawa mazoea. Mchezo ulipoanza, kioo chake kiliziba kweli, naye akafanya vile vile bila kukumbushwa. Tangu siku hiyo amekuwa akija na majirani zake.

Baada ya barakoa hufuata kifuniko cha mtutu, kidole kukaa nje ya triga, kisha kutembea kutoka kizuizi kimoja hadi kingine huku mwenzako akikulinda. Kufyatua huja mwisho. Kila mwanafunzi hupewa gololi chache tu. Ni kweli gharama imetusukuma, kwa kuwa rangi ni ghali na msimu wa masika unyevu hulainisha lile ganda la jelatini, gololi zikavimba na kukwama ndani ya mtutu. Lakini uchache huo umekuwa mwalimu mzuri. Mwenye gololi chache hutazama kwanza.

Hapo walimu wetu husimulia mchezo wa kwanza kabisa, uliochezwa msituni New Hampshire, Marekani, mwezi Juni 1981. Wachezaji walikuwa 12, na bunduki walizotumia zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na mifugo. Mshindi alikuwa mtaalamu wa misitu aitwaye Ritchie White. Alikusanya bendera zote pasipo kufyatua hata mara moja. Nimeona nyuso za watu wakisikia habari hiyo, hasa wale wanaojiona wembamba mno, wazee mno au waoga. Wanaingia uwanjani wakiwa wamenyooka.

Jambo jingine tunalolifundisha ni namna ya kubeba vifaa. Bunduki yetu kwa mbali haitofautiki na bunduki halisi, na askari au mpita njia hana sababu ya kukisia. Basi kwenye matatu, barabarani na nyumbani iko ndani ya mfuko uliofungwa, mtungi wa hewa umeondolewa. Tukitaka majirani wa uwanja watukubali, hapa hatuna nafasi ya kuzembea.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, sitamwingilia.

Kinachonisumbua ni walimu. Mzigo umewaelemea wanachama wachache wanaoacha mchezo wao wenyewe kila Jumamosi asubuhi. Hawalipwi, na baadhi yao ni wachezaji wetu bora kabisa. Naomba kila mwanachama wa muda mrefu ajitolee Jumamosi moja kwa mwezi, na naomba mkutano huu upitishe kanuni mbili: mzoefu asiingie kwenye mchezo wa wanaoanza ila kama mwalimu au refa, na aliye hatua chache kutoka kwa mgeni amtake ajisalimishe badala ya kumpiga. Kuhusu mashindano, napendekeza yarejee wahitimu wa darasa watakapotosha kuunda timu zao wenyewe, na timu hizo ziwe na kundi lao.

Fomu za walimu wa kujitolea ziko kwa katibu. Awamu ijayo itaanza mvua za masika zikikatika. Tafadhali andikisheni majina yenu leo kabla hamjaondoka, ili mafunzo ya walimu yatangulie.