Alovera na nanaa zisikae ndoo moja

Mhariri, naomba nafasi niwaambie wenzangu tunaoanza kupanda kwenye ndoo hapa Dar. Mimi nilichanganya alovera na nanaa kwenye ndoo moja ya lita 20, nikawa namwagilia kila asubuhi bila kukosa, baada ya wiki kadhaa alovera ikalainika kama ndizi iliyoiva sana, kuing'oa mizizi kahawia yote inanuka, kumbe yenyewe inataka udongo ukauke kwanza wakati nanaa inataka unyevu muda wote. Sasa kila moja na ndoo yake, nimetoboa matundu chini, naingiza kidole kwenye udongo ndo najua nimwage au niache. Jamani wauza miche, tuambieni basi mmea upi unapenda maji kabla hatujalipa!

Msomaji wenu, Tabata