Barua ya malalamiko: kliya ya gari langu la rangi ya fedha inabambuka

Busia, Uganda
12 Machi 2025

Kwa Meneja,
Gereji ya Rangi za Magari,
Kampala

Bwana Meneja,

KUH: DHAMANA YA RANGI YA PAA, BONETI NA BUTI

Januari mwaka jana niliwaletea gari langu, Toyota Corolla ya rangi ya fedha, baada ya tawi la mwembe kuliangukia. Nililipa shilingi 1,850,000 taslimu. Kwenye risiti mliandika kwamba mtakwangua mpaka bati, mtaweka praima mpya (rangi ya msingi), rangi, kisha kliya (tabaka la juu linaloonyesha, la kung'arisha na kukinga rangi) mara mbili, na mkatoa dhamana ya miaka 3.

Imepita miezi 14 tu. Kliya ya paa inabambuka kama ganda la kitunguu. Boneti imepauka, na pale kliya ilipotoka, ukipitisha kidole kinarudi na unga wa kijivu. Gari hili ni la kukodisha. Watu wa harusi, ambao ndio hulipa vizuri, hulitazama paa kisha wananiuliza kama sina gari jingine.

Nilipopiga simu niliambiwa ni jua la Uganda, na kwamba huenda naosha kwa sabuni ya unga. Sikubali. Najua jua hulipiga paa kuliko milango. Lakini paa lile lile, likiwa na rangi ya kiwandani, lilikaa chini ya jua hili miaka 6 mikononi mwangu bila kubambuka. Sabuni sijabadilisha, na gari hulala nje pale pale.

Nimelionyesha kwa mzee mmoja fundi wa rangi hapa Busia. Alinieleza jambo ambalo ninyi mlipaswa kunieleza kabla ya kupokea fedha yangu: rangi ya fedha ya metaliki ina chembe za alumini, na haijilindi yenyewe. Kinachoikinga na jua na maji ni kliya. Ikipuliziwa nyembamba, au hadina (dawa ya kuikaza) ikipunguzwa na thina (ya kuifanya nyepesi) ikazidishwa, jua huichana, maji yanapenya, na alumini huliwa mpaka inakuwa ule unga nilioushika. Alipima unene: mlangoni, kwenye rangi ya kiwandani, maikroni 115 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwenye paa mlilopaka ninyi, 70. Praima, rangi na kliya mara mbili, vyote ndani ya 70? Hiyo kliya ya pili sidhani ilipuliziwa.

Sitaki kurudishiwa fedha. Nataka kazi niliyoilipia: paa, boneti na buti zikwanguliwe na zipakwe upya kwa gharama yenu. Viraka sivitaki hata kidogo, kwa sababu chembe za metaliki hulala kufuatana na mkono wa fundi na upepo wa bomba lake, na kiraka cha fedha huonekana mara tu ukisogea pembeni. Rangi ififishwe kidogo kidogo hadi kwenye madigadi ili mpaka usionekane, kliya ifike ukingoni. Naomba niwepo hadina inapochanganywa, na unene upimwe mbele yangu kabla sijachukua gari.

Nimeambatanisha nakala ya risiti na picha 9. Nasubiri tarehe ya kulileta gari, kwa maandishi, ndani ya siku 14.

Wako,
Mwenye gari (nambari ya usajili iko kwenye risiti)