Barua ya wazi kwa matabibu wa kujitolea: anzeni na kijiko

Wanangu,

Mnakwenda ugenini kuwahudumia watoto wenye ulemavu wanaolelewa kwenye makao ya yatima. Wengine wenu ni wa fiziotherapia, wengine wa tiba kwa vitendo, wengine wa usemi na lugha. Nawaandikia kabla hamjafunga mizigo, maana moyo wa kusaidia mnao tayari, na moyo peke yake umeshavunja mifupa ya watoto. Nitalifikia hilo.

Pigeni hesabu kwanza. Mtoto hula mara tatu kwa siku, yaani milo 1,095 kwa mwaka. Ukikaa naye wiki mbili, ukamlisha kila mlo kwa mkono wako, umemlisha mara 42. Milo 1,053 iliyobaki ni ya mlezi wa zamu. Basi mwanafunzi wako ni huyo mlezi, na zoezi asiloweza kulifanya siku ambayo wewe haupo, usilianzishe.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka. Leseni ya nyumbani haikupi ruhusa ya kutibu katika nchi ya watu. Liulize baraza la taaluma la huko, miezi kadhaa kabla, kama linatoa usajili wa muda. Viza ya utalii katika nchi nyingi hairuhusu kazi, hata ya bure. Beba hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba huna rekodi ya uhalifu. Makao yasiyokudai hati hiyo yanamfungulia mlango kila apitaye, na mimi nisingekwenda huko.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kazi hii jembe na lingoje siku ya nne. Siku tatu za mwanzo kaa pembeni utazame: nani anamlisha nani, mtoto amelazwa au ameketishwa, mlo unachukua dakika ngapi, nani anakohoa. Tumia saa, usikadirie. Mlezi mwenye watoto 8 wasioweza kujilisha, akimpa kila mmoja nusu saa, anahitaji saa 4 kwa mlo mmoja, saa 12 kwa siku. Ndiyo maana unamkuta amemlaza mtoto chali, kichwa kimening'inia mkononi, anamimina chakula upesi upesi. Ukimwita katili umemwonea, saa hazimtoshi.

Chakula kinachomiminwa hivyo huteremka kabla koo halijafunga njia ya hewa, na kingine huishia mapafuni. Watoto wengi hukohoa, macho yakawalenga machozi. Wengine hupaliwa kimya kimya, pasipo kikohozi chochote, na utakachokisikia ni sauti yenye majimaji baada ya kumeza. Utakachokiona kwenye daftari la zahanati ni homa na nimonia zinazorudi. Mtoto wa namna hiyo, na hasa kama uzito wake haupandi, mweke wa kwanza kwenye orodha.

Alishwe hivi. Aketi wima, kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Mlishaji aketi mbele yake, macho yao yalingane au yeye awe chini kidogo; akisimama, mtoto atainua uso kumtazama na shingo itarudi nyuma palepale. Kijiko kiwe kidogo, kisicho na kina, kisichopasuka, kwani wapo wanaouma ghafla bila kukusudia. Kijaze nusu. Kilete kutoka mbele na chini, kikandamize ulimi kidogo katikati, subiri midomo ifunge, kisha kitoe moja kwa moja. Usikikwangue kwenye meno ya juu: kichwa kitarudi nyuma na midomo haitajifunza kazi yake. Akikiuma, usikivute; ngoja taya lilegee. Kijiko cha pili kisiinuke mpaka umeona koo limepanda na kushuka. Chakula kiwe laini na cha uzito mmoja. Maji matupu hukimbia kooni kuliko kitu chochote, na majimaji yenye vipande ndani ni magumu zaidi, kwa sababu mdomo unadaiwa kazi mbili kwa wakati mmoja. Akimaliza, abaki ameketi nusu saa. Kisha asafishwe kinywa, kwa maana uchafu wa meno nao humezwa pamoja na mate, na mate hupotea njia kama chakula.

Usimhutubie mlezi kuhusu haya. Mwombe atazame dari na ameze mate. Halafu ashushe kidevu, ameze tena. Sekunde hizo kumi zinashinda slaidi zako zote. Kisha akulishe wewe, umlishe yeye, ndipo mwende kwa mtoto. Usimwulize kama ameelewa, atakuitikia kwa adabu tu, mwambie, "Nioneshe." Mkalimani awe mtu mzima, si mtoto wa makao.

Na zile saa 12 je? Usiombe watoto wote 8 walishwe upya kwa mpigo. Anza na wawili wanaopaliwa zaidi. Wengine watatengemaa kwa kuketishwa vizuri tu. Mwenye uwezo wa kushika mpe kijiko ambacho mpini wake umezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ukawa mnene, umshike kiwiko, ajilishe. Wiki za mwanzo atamwaga, na mlezi atakununia kwa sababu ndiye anayefua. Mweleze mapema kwamba mtoto akishaweza, nusu saa ile inarudi kwake.

Sasa kiti, kwa kuwa kijiko bila kiti ni kazi bure. Mkalishe mtoto juu ya kitu kigumu, mmoja amshike nyonga zisilale. Pima upana wa nyonga. Pima paja, kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa sentimita 3 hivi. Hicho ndicho kina cha kiti. Pima kutoka nyuma ya goti hadi unyayo, hapo pakae ubao wa miguu. Meza ifike usawa wa viwiko. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kina kuzidi: mgongo haufikii egemeo, nyonga zinateleza mbele, mtoto anakalia kifandugu, mgongo unapinda, kichwa kinatupwa nyuma, na hapo tumerudi kwenye kupaliwa. Miguu ikining'inia, mwili mzima hukaza. Mkanda upite chini, juu ya mapaja pale yanapokutana na nyonga. Ukifungwa tumboni mtoto atateleza chini yake mpaka umfike shingoni, na watoto hufa hivyo.

Kwa kutengeneza, Zimbabwe ilikwisha kutupa mbinu nzuri: maboksi yanayogandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga uliopikwa, yakawekewa uzito hadi yashikane, yakakaushwa, yakapakwa vanishi. Kiti hicho hubeba mtoto miaka. Kinachokiua ni haraka. Kikipakwa vanishi kabla hakijakauka ndani, huoza kutoka katikati. Pasipopakwa vizuri chini ya makalio, mkojo hupenya. Viti vya magurudumu vya msaada navyo vipimwe kabla ya kupakiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unataja hatua 8, na kukabidhi kiti ni sehemu ndogo tu ya hizo. Kiti cha mtu mzima chini ya mtoto wa miaka 5 kinampinda uti wa mgongo, hata kama picha yake inapendeza.

Mifupa niliyoitaja. Mtoto ambaye hajawahi kusimama, haoni jua, na chakula chake ni haba, ana mifupa mepesi. Paja linaweza kuvunjika wakati wa kubadilishwa nepi tu. Tabibu mgeni anaona goti limekakamaa, ana siku kumi, anavuta. Msuli wenye mkazo ukivutwa kwa kasi hujibu kwa kukaza zaidi, na mfupa ndio unaoachia. Shika karibu na kiungo, nenda polepole, simama unapokataliwa. Mtoto asiyesema akilia kila anapoguswa mguu, tafuta uvimbe na joto kabla hujamwita mkorofi. Kumlaza au kumkalisha vyema kwa saa nyingi kunasaidia kuliko kumvuta dakika tano.

Yapo pia ya kutoanzisha kabisa. Mguu kifundo, yaani mguu uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa, ukinyooshwa polepole kwa plasta kwa njia iitwayo Ponseti, hutaka plasta mpya kila wiki, kwa kawaida 5 hadi 7, mara nyingi na kukatwa kano ya kisigino, kisha viatu maalumu saa 23 kwa siku kwa miezi 3, na baadaye usiku hadi umri wa miaka 4 au 5. Ukifunga plasta mbili ukapanda ndege, umemwacha pabaya. Mtafutie kliniki ya huko. Dawa ya kifafa usiipunguze wala kuisimamisha kwa kuwa mtoto anasinzia. Ikikatwa ghafla, degedege linaweza kuja lisikatike. Mpeleke kwa daktari wake.

Wa usemi: pima masikio na macho kabla ya kuandika kwamba mtoto haelewi. Inua vitu viwili mbali kidogo, kimoja kila upande, uliza anataka kipi, hesabu moyoni hadi kumi. Wengi wetu tunajibu kwa niaba yake kwenye tatu.

Mtoto atakayekukimbilia siku ya kwanza na kukukumbatia asikuvimbishe kichwa. Wanaokulia makaoni mara nyingi humkimbilia mgeni yeyote, na hiyo ni alama ya kukosa mtu wao. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 uliwafuatilia watoto 136 wa makaoni wenye miezi 6 hadi 31. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipelekwa kwa familia za kulea. Waliohamia kabla ya miaka 2 ndio walioshikamana na mlezi vizuri zaidi. Kwa hiyo akikujia, mshike mkono umrudishe kwa mlezi wake, mcheze watatu. Na mwaka ujao arudi yule yule kati yenu, si sura mpya.

Ulizeni pia kuhusu ndugu. Wengi wanaoitwa yatima wana mzazi hai. Ulemavu ndio uliowaleta pale. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, kifungu cha 23, unakataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu. Mkiweka tiba nzuri ndani ya makao tu, mnawafundisha akina mama kwamba ili mtoto atibiwe lazima wamwache huko. Tengeni siku mbili kwa wiki kwa watoto wanaoishi na familia zao jirani, na mama awepo chumbani.

Siku mbili za mwisho usimguse mtoto. Mlezi afanye, wewe tazama. Kila mtoto awe na karatasi moja: picha ya mkao wake, iliyopigwa kwa ruhusa na kubaki pale pale, chakula chake, kijiko chake, dalili za kumpeleka hospitali, tarehe ya kumpima kiti upya baada ya miezi 6 na jina la atakayempima. Ibandikwe anapolishiwa, si kwenye faili la ofisini, na ifunikwe plastiki kwa sababu itamwagikiwa.

Ni mimi,
Mzee wenu katika kazi hii