Betri za rimoti za ndege: wauzaji waambieni wateja volti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie vijana wanaorusha ndege ndogo za rimoti, na zaidi wale wanaowauzia betri. Mimi ni fundi wa redio hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mpunga ukishavunwa Usangu na mashamba yakabaki wazi, rimoti zinazoletwa mezani kwangu huongezeka, na nyingi zimeharibiwa na betri tu.

Iliyoniuma zaidi ni ya kijana wa Uyole. Rimoti yake hutumia betri nne za AA. Dukani akauziwa za lithiamu zilizoandikwa 14500, akaambiwa hizi ndizo zenye nguvu. Umbo ni lile lile, zinaingia bila kulazimisha. Lakini betri ya kawaida ina volti 1.5, na hiyo ya lithiamu ina 3.7, ikijaa inafika 4.2. Zidisha mara nne: rimoti ya volti 6 ikapewa karibu 17. Nilipoifungua, kidude cha kudhibiti umeme kilikuwa kimepasuka, bodi imebabuka nyeusi pembeni yake, na harufu ya kuungua bado imo. Pesa ya rimoti ile aliipata kwa kubeba magunia ya viazi. Aliyemuuzia alipaswa kumuuliza anakwenda kuiweka wapi.

Wengine hukimbilia zile za bei ya chini kabisa, za zinki na kaboni. Hizo wekeni kwenye saa ya ukutani. Kwenye rimoti zinaisha upesi, na zikisahaulika ndani zinavuja hadi springi inaliwa. Rimoti ikizimika ndege ikiwa juu, chini kuna watu na ng'ombe.

Mimi nashauri betri za kuchaji za NiMH (za nikeli), aina inayotunza chaji kwa muda mrefu. Nne zinatoa volti 4.8, na rimoti nyingi za betri nne zinafanya kazi nazo vizuri, ila soma kwanza kitabu chake. Baridi yetu ya Juni na Julai inazilegeza za alkalini, zile za kawaida zisizochajiwa. Hizi za NiMH zinastahimili zaidi. Jueni tu kwamba volti yake hukaa pale pale kisha huanguka ghafla, kwa hiyo rimoti ikianza kulia teremsha ndege papo hapo. Usichanganye mpya na kuukuu. Na ukiona AA ya NiMH imeandikwa 4000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), irudishe: za kweli hazifiki hata 3000.

Rimoti zinazokubali lithiamu zipo, na kitabu chake kinasema hivyo. Betri hizo zichajiwe kwa chaja ya lithiamu. Chaja ya nikeli inaweza kuwasha moto.

Ndugu zangu wenye maduka, tengeni 14500 na AA, msiziweke boksi moja. Na kijana mwenye wasiwasi na betri zake aje nazo Mwanjelwa kabla hajazitia kwenye rimoti. Mita ninayo, nitampimia bure.

Fundi redio,
Mwanjelwa, Mbeya