Shukrani kwa dereva wa bajaji wa Kigogo

Amenikataza nisitaje jina lake. Sawa, sitalitaja, ila kunyamaza siwezi.

Mama ni mgonjwa wa figo, anasafishwa damu kwa mashine Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwenda si shida sana, kurudi ndiyo kazi. Anatoka kwenye mashine presha imeshuka, ana kizunguzungu, na mkono unaochomwa sindano hautakiwi kubanwa wala kuvutwa. Mtu wa hivyo humpandishi daladala akasimame. Madereva niliokuwa nikiwakodi kwa siku walipata abiria wengine, wakazima simu.

Huyu kijana alikaa nami tukapanga ratiba. Akataja bei ya wiki, nilipe Jumamosi nikishafunga hesabu za genge. Alfajiri anabipu tu, hapigi honi, majirani wasiamke. Mashine zikichelewa, anasubiri kivulini bila kunung'unika. Aliuliza ni mkono upi wenye mshipa wa kusafishia damu, na tangu hapo humshika Mama ule mwingine. Mvua zilipofunga barabara ya Jangwani alizungukia Ilala kwa nauli ileile. Bajaji ilipokuwa gereji alimleta mwenzake wa kijiweni, akamwelekeza yote mbele yangu, hadi matuta ya kupita taratibu.

Hakufanya bure, na wala nisingekubali. Ana marejesho ya bajaji ya kulipa. Lakini uhakika kama ule haununuliki kirahisi mjini hapa.

Wenye bajaji na magari, mtaani kwenu huenda yupo mgonjwa wa figo. Muulizeni siku zake na saa anayotoka.

Nawe kaka, Mama anasema Ijumaa usipitie kwa mama ntilie. Chai ipo.