Darasa la Kiebrania kwa watu wazima: tunaanza Jumamosi

Shavua tov, wiki njema, ndugu zangu.

Darasa la kusoma Kiebrania linaanza Jumamosi hii, saa moja na nusu usiku baada ya Havdala, ibada fupi ya kuiaga Sabato, hapa hapa kwenye sinagogi letu Nairobi. Kabla Sabato haijatoka hatuandiki, ndiyo maana tunasubiri. Jua letu huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, hivyo muda hautabadilika-badilika.

Mlioniambia pembeni kwamba mnaona haya kushika siduri, kitabu chetu cha sala, bila kujua hata alefu, herufi ya kwanza, njooni ninyi kwanza. Tafadhali sana. Kwa mapokeo yetu, Rabi Akiva, mwalimu wetu mkuu wa kale, alianza kujifunza akiwa na miaka 40. Herufi ni 22 tu, na tano kati yake hubadilika umbo zikiwa mwisho wa neno. Tunasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Na maneno mengine mtayatambua mara moja: nefesh ni nafsi, ruach ni roho, dam ni damu. Hapo ndipo uso wa mwanafunzi hung'aa, nami hupenda mno kuuona.

Leteni daftari na penseli. Chai ipo. Mwenye kuhitaji usafiri wa kurudi nyumbani aniandikie kabla ya Ijumaa mchana.