Malalamiko Kuhusu Taswira Pungufu za Diski Nane za PlayStation na Kuharibiwa kwa Diski Halisi

Nansio, Ukerewe,
Mkoa wa Mwanza.
14 Agosti 2025

Meneja,
Huduma ya Kunakili Diski na Kanda,
Mwanza Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: TASWIRA ZA DISKI 8 NILIZOLIPIA SHILINGI 120,000

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyefika dukani kwenu tarehe 21 Julai 2025, nikitokea Nansio kwa meli, nikiwa na diski 8 halisi za PlayStation ya kwanza. Nililipa shilingi 15,000 kwa kila diski ili mnitengenezee taswira kamili, yaani faili zinazobeba kila kilichomo kwenye diski, nitakazozitumia kwenye emuleta, programu inayoiga mashine ya gemu, katika kompyuta yangu, kwa kuwa mashine yenyewe imechoka na lenzi yake haisomi tena. Kazi niliyokabidhiwa tarehe 4 Agosti siyo niliyoilipia: diski moja imeharibika mikononi mwenu, faili kadhaa ni pungufu, na nyingine hazikutoka kabisa kwenye diski zangu.

Diski hizi alizinunua shangazi yangu alipokuwa muuguzi Liverpool, akawa anazituma kila alipopata mtu wa kumpa mzigo, na ya mwisho ilitufikia mwaka 2001. Wakati huo karibu kila mashine niliyopata kuiona hapa kwetu ilikuwa imefunguliwa na kuwekewa chipu ili isome diski za kuchoma, kwa hiyo diski halisi yenye mgongo mweusi ilikuwa kitu cha kuitana watoto wa jirani waje watazame. Nilimweleza kijana wenu wa kaunta habari hiyo yote, naye akanijibu kwa adabu, "Usiwe na wasiwasi mwalimu, hapa tunatoa kopi kamili." Maneno hayo, kopi kamili, aliyaandika pia kwenye stakabadhi, ambayo ninayo.

Naanza na diski ya wipEout, kwa sababu hasara yake ni kubwa kuliko zote. Gemu hiyo ya mashindano ya mbio ilitolewa mwaka 1995 na Psygnosis, kampuni ya hukohuko Liverpool, na diski yake imepangwa kwa namna ambayo mtu wa kazi yenu anapaswa kuitambua mara moja: sehemu ya kwanza ni data ya gemu, na zinazofuata ni nyimbo za kawaida za CD, zenye sampuli 44,100 kwa sekunde kama za CD yoyote ya muziki. Ndiyo maana tulipokuwa vijana tuliweza kuiweka kwenye redio ya baba, tukairuka sehemu ya kwanza, na nyumba nzima ikausikia muziki wa mashindano yale bila mashine ya gemu wala televisheni. Baba mwenyewe, ambaye hakuwahi kushika kidhibiti cha gemu hata siku moja, alikuwa na wimbo wake anaoupenda humo.

Mlichonipa ni faili moja ya ISO. Faili ya namna hiyo hubeba data peke yake, na nyimbo za CD hazina mahali pa kukaa ndani yake. Kwenye emuleta gemu inafunguka, vyombo vinakimbia na milio ya injini inasikika, lakini wimbo hakuna hata mmoja. Nilipopiga simu kueleza jambo hilo nilijibiwa kwamba mradi gemu inafunguka, kazi imekamilika. Naomba ofisi yako ilikatae jibu hilo. Kilichotakiwa ni faili ya BIN yenye kila sekta ya diski, yaani kila kipande kidogo ambamo diski imegawanywa, ikifuatana na faili ndogo ya maandishi ya CUE inayoeleza kila sehemu inaanzia dakika ipi, sekunde ipi na fremu ipi, kwa hesabu ya fremu 75 kwa kila sekunde. Faili ya CUE huandikwa na programu yenyewe ya kunakili, kwa hiyo haikuwa kazi ya ziada hata kidogo.

Lililoniumiza zaidi ni stika. Nilipowaachia diski, kila moja ilibandikwa stika ya namba juu ya upande wenye picha. Siku ya kuzichukua, mhudumu alizibandua mbele yangu kwa kucha, na stika ya wipEout ilipotoka ilikuja na kipande cha utando wa rangi ya fedha chenye upana wa ukucha wa kidole gumba, karibu na ukingo wa nje. Watu wengi hudhani upande wa kulindwa ni ule wa chini. Upande wa chini una plastiki ya unene wa milimita 1.2, na mkwaruzo wake mara nyingi unaweza kung'arishwa ukaondoka. Data imelazwa juu, chini kidogo tu ya rangi ya picha, na utando ule ukishang'oka hakuna mashine wala dawa ya kuurudisha. CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo eneo lililong'oka ni la nyimbo za mwisho. Nyimbo hizo zilikuwepo nzima kwa wiki mbili diski ilipokuwa kwenu, draivu yenu ingeweza kuzisoma, na hazikusomwa kwa sababu mtu alichagua ISO. Kwa maneno mengine, mmeiharibu diski baada ya kushindwa kuinakili, na sasa sina diski wala nakala.

Diski 3 za gemu ya Final Fantasy VII nazo zimewekwa katika ISO. Sekta moja ya CD ina baiti 2,352. Kwenye sekta ya data ya PlayStation, baiti 12 ni za ulinganishaji, 4 za anwani, 8 ni kichwa kidogo kinachoeleza sekta hiyo ni ya aina gani, 2,048 ni data yenyewe, na 280 zinazobaki ni za kugundua na kusahihisha makosa. Sekta za sauti ya XA, ambazo hupachikwa katikati ya sekta za picha ili filamu fupi zisikike, haziweki sehemu ya kusahihisha na badala yake hubeba baiti 2,324. Programu inayochukua baiti 2,048 kutoka kila sekta inaikata sauti hiyo, na inakitupa kile kichwa kidogo ambacho kingeiambia emuleta ipi ni sauti na ipi ni picha. Nimezipima faili zenu: ukubwa wake unagawanyika sawasawa kwa 2,048 na haugawanyiki kwa 2,352. Filamu ya mwanzo inakwama kwenye kompyuta yangu, na kwenye kompyuta ya mwalimu mwenzangu inakwama palepale. Tena faili ya diski ya 2 na ile ya diski ya 3 zina alama moja ya uhakiki ya SHA-1, ambayo hukokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili, maana yake diski moja imenakiliwa mara mbili na nyingine haikuguswa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikulitarajia kwa watu wazima wenye leseni ya biashara. Diski zangu 4 za Final Fantasy IX ni za toleo la Ulaya, na namba iliyochapwa juu yake inaanza na herufi SLES. Faili 4 mlizonipa, nilipofungua ile ya mfumo inayoiambia mashine ianze na programu gani, zina namba inayoanza na SLUS, ambayo ni ya toleo la Marekani. Hakuna draivu duniani inayoweza kusoma SLES ikaandika SLUS. Faili hizo zimepakuliwa mahali fulani, zikawekwa kwenye flashi yangu, nami nikatozwa shilingi 60,000 kana kwamba diski zangu ndizo zilizosomwa.

Nadhani naijua sababu. Diski za Ulaya za gemu hii zina kinga iitwayo LibCrypt: baadhi ya sekta zimeandikiwa taarifa zilizobadilishwa kwa makusudi katika sabchaneli, yaani njia ndogo inayokwenda sambamba na data kuu, na gemu isipozikuta inagoma kuendelea. Kunakili kwa njia ya kawaida huiacha sabchaneli nje. Mngeniambia kwamba draivu yenu haiisomi, ningewashukuru, ningechukua diski zangu na kurudi nyumbani, kwa sababu si kila draivu inaweza kazi hiyo na hilo si la kuonea aibu.

Tofauti ya toleo si jambo dogo. Nina kadi ya kumbukumbu ya mashine ile, yenye kilobaiti 128 na nafasi 15 za kuhifadhia, na katika nafasi mojawapo kuna safari ya mdogo wangu ndani ya gemu hii, ambaye siku hizi anafanya kazi Geita. Aliicheza gemu hiyo likizo nzima, mara nyingi mimi nikimtafsiria Kiingereza, akafika diski ya nne, kisha shule zikafunguliwa. Tuliahidiana kwamba akija mwezi Desemba ataimalizia alipoishia, na watoto wake wakiwa wameketi pembeni. Kumbukumbu iliyohifadhiwa na toleo la Ulaya huanza na herufi BE pamoja na namba ya gemu, na toleo la Marekani hutafuta inayoanza na BA. Likiisoma kadi ya mdogo wangu linaiona kama haina kitu. Hivyo hata kama faili hizo zingekuwa hazina kasoro yoyote, kwetu hazifai. Na hakika sikupanda meli kuja Mwanza kutafuta gemu za kupakua, kwa maana nilileta diski zilizonunuliwa kihalali ili nakala itoke humo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mnirudishie shilingi 60,000 za Final Fantasy IX mara moja, kwa kuwa kazi hiyo haikufanyika, na msiirudie isipokuwa mnionyeshe kwanza draivu yenye uwezo wa kusoma sabchaneli. Diski 3 za Final Fantasy VII zisomwe upya bila malipo, kila sekta ikiwa na baiti zake 2,352, katika BIN na CUE; kila diski isomwe mara mbili, alama za SHA-1 za usomaji wa kwanza na wa pili zilinganishwe, na karatasi yenye alama hizo nipewe pamoja na flashi ili nizilinganishe na kumbukumbu za Redump, ambako wapenzi wa gemu wameweka alama za diski nyingi halisi. Kuhusu wipEout, naomba mnitafutie diski nyingine halisi ya toleo la Ulaya, au mnilipe gharama ya kuiagiza pamoja na usafirishaji. Wakati huohuo mjaribu kusoma nyimbo za ndani ambazo utando wake haujaguswa.

Natarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipoyapata, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na stakabadhi, diski yenyewe na flashi ambayo sijafuta kitu. Ningependelea tulimalize sisi wenyewe, kwa kuwa nijuavyo mimi, hapa mjini hakuna duka lingine linalopokea kazi ya aina hii, na kuna watu kuanzia Sengerema hadi Musoma wenye diski na kanda zinazooza kwenye masanduku ambao watakuja kwenu kama nilivyokuja mimi.

Diski nitazileta mwenyewe siku mtakayonijulisha. Naomba zipokelewe ndani ya makasha yake, na namba iandikwe kwenye kasha, isibandikwe kwenye diski.

Wako katika kutafuta haki,

Mteja wenu wa Nansio,
mwenye stakabadhi ya tarehe 21 Julai 2025